Lita za Ziwa Tanganyika

Asubuhi pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mitumbwi ya dagaa ikishafunga, kina mama huingia majini hadi magotini wakachota. Ndoo ya kawaida ni lita 20. Ziwa lote lingejaza ndoo ngapi?

Maji ya Ziwa Tanganyika hukadiriwa kuwa kilomita za ujazo 18,900. Kilomita moja ya ujazo ni lita trilioni moja, kwa hiyo tuna lita 18,900,000,000,000,000. Wengi wakifika hapo hushangaa sifuri, basi. Naomba tuifungue namba yenyewe, maana ukubwa peke yake hausemi mengi.

Kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa, hupatikana kwa kuzidisha namba tasa, na tasa hizo ni zilezile daima. Yetu ina 2 kumi na nne, 3 tatu, 5 kumi na nne na 7 moja. Tarakimu 17, lakini ndani yake hamna tasa inayozidi 7! Ukiunda kigawo chake, 2 unaweza kuzichukua kwa njia 15 (kuanzia kutochukua hata moja hadi zote), 3 kwa njia 4, 5 kwa njia 15, na 7 kwa njia 2. Zidisha: vigawo 1,800 kamili.

Turudi kwenye ndoo. Gawa kwa 20, unapata ndoo trilioni 945. Hiyo 945 naipenda sana. Jumlisha vigawo vyake, yenyewe ukiiacha: 1, 3, 5, 7, 9 na kuendelea mpaka 189 na 315. Jibu ni 975, limeizidi namba iliyolizaa. Kwa namba shufwa si ajabu, hata 12 hufanya hivyo. Kwa namba witiri, 945 ndiyo ya kwanza kabisa. Zote zilizo chini yake hushindwa.

Sasa rudisha ziwani lita moja ya ziada. Namba inaishia na 1. Jaribu 2, 3, 5 na 7: kila moja inabakiza 1. Kwa 11 inabaki 3, kwa 13 inabaki 12. Inayoingia ni 17, mara 1,111,764,705,882,353. Vile vigawo 1,800 vimetoweka vyote isipokuwa 1, kwa kuwa namba mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo kingine.

Kwa hiyo tabia hizi ni za namba tuliyoiandika, si za ziwa. Sifuri zile zimetokana na kukadiria. Hakuna aliyehesabu lita mojamoja. Mto Rusizi unaingiza maji, Mto Lukuga unayatoa kuelekea Kongo, jua nalo linavuta. Uso wa ziwa ni kama kilomita za mraba 32,900, hivyo likishuka milimita moja tu, zimeondoka lita bilioni 32.9, na aliyesimama majini pale Kibirizi bado yamemfika magotini.