Mashine ya leza inayouzika na ile tunayoihitaji

Mwaka 2021 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi. Ningependa kila anayepanga bajeti ya kliniki ya macho Afrika Mashariki awe nao mezani. Wagonjwa 201 wenye glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa matone ya timolol, jingine likatibiwa kwa leza iitwayo SLT. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 31 ya macho yaliyotumia matone, na asilimia 61 ya yale yaliyopigwa leza, baadhi yake yakiwa yamerudiwa mara ya pili.

Tofauti hiyo haimshangazi anayewajua wagonjwa wa glakoma. Ugonjwa huu, katika sura yake ya kawaida, hauumi. Unapunguza uoni wa pembeni kidogo kidogo, mtu anaendelea na shughuli zake, na siku anapogundua kwamba anajikwaa, mshipa wa fahamu wa jicho umeshaharibika. Kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Sasa mwambie mtu asiyesikia maumivu yoyote anunue matone mwezi baada ya mwezi, maisha yake yote, na dawa yenyewe haimwongezei kuona hata chembe. Wengi huacha, hata katika nchi tajiri. Isitoshe, timolol haimfai mwenye pumu.

SLT hufanya kazi hivi. Ndani ya jicho hutengenezwa maji, na maji hayo hutoka kupitia chujio dogo lililo pembeni, pale konea inapokutana na sehemu yenye rangi. Chujio likipitisha maji kwa shida, presha hupanda. Daktari hutia jicho ganzi ya matone, huweka juu yake lenzi yenye kioo, kisha hulenga chujio kwa mapigo kama mia moja ya mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 532. Kila pigo hudumu nanosekunde 3 tu. Siri yote imo katika ufupi huo: seli zenye rangi ndani ya chujio hufyonza nishati kabla joto halijapata muda wa kusambaa na kuunguza zilizo jirani. Kwa kuwa chujio haliachwi na makovu kama ilivyokuwa kwa leza za zamani za argoni, tiba inaweza kurudiwa nguvu yake inapopungua, nayo hupungua. Uingereza, matokeo ya utafiti uitwao LiGHT yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kuwa karibu robo tatu ya walioanza na leza walikaa miaka mitatu bila kuhitaji matone. Mwaka 2022 mwongozo wa taifa huko ukabadilishwa, leza ikawa tiba ya kwanza kwa wagonjwa wapya wengi.

Pamoja na hayo, leza ya macho inayotangazwa zaidi mijini ni ile ya kumwondolea mtu miwani. Sababu ni fedha. Mteja wake hulipa mwenyewe, na kwa miaka mingi mtengenezaji amekuwa akipata chake kila jicho linapofanyiwa kazi. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, kampuni za Summit na VISX ziliunganisha hataza zao na kumtoza daktari dola 250 kila alipotumia mashine, hata kama alikuwa ameshainunua. Mwaka 1998 mamlaka ya ushindani wa biashara ya nchi hiyo ilizifungulia mashtaka. VISX ilipoishusha ada hiyo hadi dola 100 mwaka 2000, hisa zake ziliporomoka. Soko lilikuwa limeithamini ada kuliko chuma chenyewe.

SLT ya kawaida haina ada ya namna hiyo. Ukishainunua, jicho la elfu halimwingizii muuzaji kitu, na nadhani ndiyo maana haipigiwi debe. Lakini siamini kwamba kulipia kwa matumizi ni jambo baya lenyewe. Optos, kampuni ya Uskoti iliyoanzishwa mwaka 1992 na Douglas Anderson baada ya mwanawe kupoteza uoni wa jicho moja kwa sababu retina iliyobanduka ilichelewa kugunduliwa, ilitengeneza mashine ya kupiga picha pana ya retina kwa leza. Kwa miaka mingi wenye maduka ya miwani hawakuinunua. Waliilipia kwa kila mteja aliyepimwa. Hivyo mashine ilifika mahali ambapo mtaji wa kuinunua usingepatikana.

Kwetu faida ya mpango kama huo ingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu kinachoua mashine hapa ni matengenezo. Umeme unapanda na kushuka, lenzi za ndani zinaingia vumbi, kifaa kinahitaji kupimwa upya nguvu zake, na fundi aliyeidhinishwa yuko nchi nyingine. Ukishalipa bei yote siku ya kwanza, hasara ya mashine iliyolala ni yako na ya wagonjwa wako. Ukilipia kwa jicho lililotibiwa, muuzaji naye hakosi kuguswa.

Mashine zenyewe nazo zinarahisishwa. Mwaka 2024 kampuni ya vifaa vya macho ya Alcon iliinunua ile ya Belkin Vision ya Israel, yenye mashine inayopiga SLT kutoka nje ya jicho bila lenzi, ikifuatilia yenyewe mwendo wa jicho na kumaliza kwa sekunde chache. Kwa nchi zenye mikono michache iliyozoea ile lenzi, hii ni habari njema kweli.

Anayeandika zabuni leo aangalie jambo moja la kiufundi. Leza ya kutibu retina ya mwenye kisukari nayo mara nyingi ni ya kijani, nanomita 532 zilezile, ila pigo lake huhesabiwa kwa milisekunde, na haliwezi kufanya kazi ya SLT. Zabuni ikisema tu "leza ya kijani ya macho", italetwa yoyote. Itaje nanosekunde 3, iombe mashine yenye SLT na leza ya YAG katika mwili mmoja, ili iwasaidie pia waliopata ukungu baada ya kutolewa mtoto wa jicho, na itaje kwa jina mji anakoishi fundi atakayeitengeneza.