Picha ya Kikundi: Nani Atashika Ufunguo?

Juzi tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama wanaosuka vyondo, tukakuta manung'uniko. Mfanyabiashara wa mjini alikuwa akitafutia wateja kwa picha za kazi yao, na walipomwuliza akasema picha ni zake. Jina la kikundi lilikuwa limeandikwa pembeni mwa kila picha, lakini yeye aliikata tu ile pembe, basi, jina likapotea.

Iko alama nyingine isiyoonekana kwa macho. Picha ya simu ni nukta nyingi sana, na kila nukta ina namba tatu, ya rangi nyekundu, ya kijani na ya buluu, kuanzia 0 hadi 255. Ukigeuza 200 iwe 201, hakuna jicho litakalotambua. Programu ya kompyuta hugeuza maelfu ya namba hizo kwa mpango wa siri uitwao ufunguo. Asiye na ufunguo huona kiondo tu. Aliye nao husoma jina la kikundi.

Tusidanganyane lakini. Alama nyepesi namna hii hufutika picha ikipunguzwa uzito, kama WhatsApp inavyofanya. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wametengeneza alama ngumu zaidi, zilizotawanywa katika picha nzima, ambazo mara nyingi husomeka hata picha ikipunguzwa au ikikatwa kidogo.

Sasa, ufunguo akae nao nani? Akiwa nao katibu peke yake, siku akikosana na wenzake ataondoka na ushahidi wote. Nyinyi mnalijua sanduku la akiba lenye kufuli tatu: wenye funguo wote wasipofika, halifunguki. Mwaka 1979 mtaalamu wa hesabu Adi Shamir alionyesha njia inayofanana na hiyo. Ufunguo hugawanywa, tuseme, vipande vitano, na vyovyote vitatu vikikutana ufunguo hupatikana. Viwili havitoboi siri hata kidogo. Na hapa hesabu inalishinda sanduku, maana mmoja akihama au akifariki hakuna haja ya kuvunja kufuli.

Kumbe mwizi naye anaweza kuweka alama yake juu ya yenu! Kwa hiyo wekeni mahali salama picha ya asili isiyo na alama yoyote, na mwisajili kazi yenu kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla ya kuisambaza.

Tena alama haimpi mtu mali. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humtazama kwanza aliyetengeneza picha, na akitaka kuwapa wengine haki hiyo ni lazima iwe kwa maandishi. Yule mama aliyepiga picha za vyondo kwa simu ya mwanawe hakuwa ameandikiana lolote na wenzake. Hilo ndilo tulilokaa nao kulirekebisha kwanza, kabla ya kugusa kompyuta.