Ni karata zipi za taroti zinazofuata mafundisho ya Golden Dawn?

Golden Dawn, jumuiya ya siri iliyoanzishwa London mwaka 1888, ndiyo iliyoweka msingi wa taroti nyingi za kisasa. Ukiuliza ni pakiti ipi inayofuata mafundisho yake kwa karibu zaidi, wengi watataja ile iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite mwaka 1909. Wanasema wote wawili walikuwa wanachama. Lakini uanachama si ushahidi. Mafundisho hayo yaliandikwa, na Israel Regardie aliyachapisha kati ya 1937 na 1940, kwa hiyo kipimo kipo. Naamini cha kupima kwanza ni mpangilio: kila karata imepewa herufi, sayari au buruji ipi. Mfanano wa picha uje baadaye.

Katika mpangilio huo, turufu 22 zinalingana na herufi 22 za Kiebrania, na kila moja ina sayari, buruji au asili yake. Karata ndogo 36, kuanzia ya pili hadi ya kumi katika kila kundi, hugawana duara zima la nyota, kila moja ikishika nyuzi 10, yaani theluthi ya buruji. Fimbo ya pili ni ya Mirihi, Panga ya tatu ni ya Zohali katika Mizani. Kwenye turufu Waite aliufuata utaratibu huu: aliipa Nguvu namba 8 na Haki 11, kinyume cha karata za kale, kwa kuwa Simba, buruji ya Nguvu, hutangulia Mizani, buruji ya Haki. Hata hivyo, katika Wapenzi aliacha picha ya Golden Dawn, ya Perseus akimwokoa Andromeda, akaweka mwanamume na mwanamke uchi chini ya malaika. Kwenye karata ndogo Smith alichora mandhari ya kuvutia, ila alama za sayari hazimo. Moyo uliochomwa kwa panga tatu unabeba maana ya huzuni iliyofundishwa, lakini umbo lake linafanana mno na karata ya Sola Busca, pakiti ya Italia ya karne ya 15. Zohali haionekani popote.

Wanaomtetea Waite husema kiapo cha siri kilimzuia kufichua yote. Huenda ni kweli, na kiapo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini kilichofichwa hakiwezi kuhesabiwa kuwa kimo kwenye karata.

Linganisha na Thoth, iliyochorwa na Frieda Harris kwa maelekezo ya Aleister Crowley kati ya 1938 na 1943. Crowley husemwa kuwa mwasi, na kweli aliirudisha Haki kwenye namba 8 na kubadilishana herufi za Mfalme Mkuu na Nyota. Wapo wanaosema kugusa herufi mbili ni kuubomoa mfumo mzima. Sikubali. Mabadiliko hayo aliyatangaza na kuyaeleza kitabuni mwaka 1944, hivyo msomaji anaweza kuyarudisha. Zaidi ya hayo, karata zake ndogo zimeandikwa sayari na buruji waziwazi, rangi zinafuata majedwali ya jumuiya, na Mwanamfalme amepanda gari la vita kama ilivyofundishwa, wakati Waite alibaki na Mfalme kwenye kiti cha enzi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba jumuiya yenyewe haikuwa na picha moja. Turufu ya Kiasi ilikuwa na michoro miwili. Hilo ndilo linanifanya nitangulize mpangilio: picha zilitofautiana hata ndani ya jumuiya, ilhali ugawaji wa nyuzi 10 ulibaki uleule. Kwa picha, iliyo karibu kuliko zote ni ya Robert Wang, aliyoichora miaka ya 1970 akiongozwa na Regardie. Humo mikono inatoka mawinguni ikishika fimbo, kama hati zinavyoeleza. Kwa anayejifunza mfumo wenyewe, hiyo na Thoth zitamfaa kuliko Waite, ingawa kwa uzuri wa kusimulia hakuna aliyemfikia Smith.