Msimcheke Mtoto Akosapo

Ndugu wazazi,

Katika darasa letu la Kiingereza hapa Al-Dirah, Riyadh, mtoto mmoja aliandika habari za mama yake mgonjwa, akamwita "he" badala ya "she". Wenzake wakacheka; akafunga daftari.

Hakuwa mjinga. "Yeye" ya Kiswahili haibagui mume na mke. Kiingereza hubagua, kama Kiarabu kwa "huwa" na "hiya". Nilipomkumbusha Kiarabu chake, alielewa papo hapo.

Herufi kubwa, ambazo Kiarabu hakina, na mkato, ambao Kiarabu huupindua, zahitaji mazoezi. Kila jioni aandike sentensi tano, azisome kwa sauti, ajisahihishe. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini msimcheke: achekwaye hunyamaza, na anyamazaye hajifunzi.