Udongo wa kiatuni unapotoa ushahidi

Ndugu msomaji, wewe unayevuka mpaka kila wiki unaujua udongo. Ukiona tope jekundu au vumbi jeusi la volkano kwenye viatu vya mwenzako, unakisia alikopita kabla hajakusalimia. Kazi hiyo ndiyo aifanyayo Em Hansen, mwanajiolojia wa Wyoming nchini Marekani, katika riwaya za upelelezi za Sarah Andrews.

Niliyoisoma ni Bone Hunter, ya mwaka 1999. Em anaalikwa Salt Lake City kwenye mkutano wa wataalamu wa mabaki ya dinosaria. Mwenyeji wake, George Dishey, anauawa, na mgeni ndiye anayeshukiwa. Mwandishi alikijua anachokiandika: naye alikuwa mwanajiolojia, hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 2019.

Hayo ya udongo si hadithi tupu. Mwaka 1908 huko Ujerumani, mkemia Georg Popp alichunguza viatu vya mtuhumiwa wa mauaji. Mke wa mtu huyo alikuwa amevisafisha usiku uliotangulia, hivyo tabaka za udongo zilikuwa za siku ile tu. Zilionyesha alipita mahali alipouawa marehemu, wakati yeye alidai alikuwa shambani kwake. Udongo wa shamba lake haukuwamo kabisa.

Mimi ni Mkristo, na riwaya hii inagusa ugomvi wa uumbaji na nadharia ya mageuzi. Wamo waumini wakorofi, na kwa maoni yangu mwandishi amewapaka masizi kupita kiasi. Lakini yumo pia Ray, polisi Mmormoni. Mafundisho ya kanisa lake si yangu, ila ni mtu wa heshima. Yeye na Em wanapendana, na imani inasimama kati yao. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, huyu na Ulutheri wa Tanzania, yule na Upentekoste wa Kongo, tumeyaona hayo kwenye vikao vya posa.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kwa nini napoteza macho kwa kitabu kama hicho. Nikamjibu: Mzee, katika kisa cha Kaini, shahidi alikuwa nani kama si ardhi?

Kwa wafanyabiashara wa madini habari hii iko karibu zaidi. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, imebuni njia ya kupima koltani, bati na wolframu ya Maziwa Makuu ili kulinganisha mzigo na mgodi ulioandikwa kwenye karatasi. Lebo hubadilishwa usiku mmoja. Chembechembe za jiwe hazibadiliki.

Kitabu nimemwazima yule mzee. Amefika katikati, na bado hajaniuliza lolote kuhusu dinosaria. Anataka kujua kama Ray atamwoa yule binti.