Nywele Zilizopukutika Julai

Sogeeni hapa mkekani, wajukuu zangu, niwape kisa cha nywele. Kilitokea hapahapa Kikuyu, Dodoma, si mbali na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, pale ilipokuwa zamani Sekondari ya Mazengo.

Palikuwa na binti wa darasa la sita. Mwezi wa Aprili, mvua zikielekea kuisha, malaria ilimlaza kitandani wiki nzima. Alipewa dawa, akapona, akarudi shule, na ile homa ikasahaulika. Juni shule zilipofungwa, mama yake akampeleka kwa msusi jirani, akasukwa twende kilioni, akapendeza kweli. Julai wakafumua. Kila chanuo lilipopita lilirudi na fungu la nywele. Mama akashika kiuno, akasema, "Yule msusi ana mkono mbaya!" Tangu siku hiyo hata salamu ikakatika. Msusi wa watu akawa anapita kwa kuzunguka nyuma ya nyumba.

Mimi nilimwita yule binti nikamwomba unywele mmoja tu kati ya zile zilizotoka. Nikaulaza juu ya kanga nyeusi, tukauinamia wote wawili. Mwishoni mwake palikuwa na kitone cheupe, kidogo kuliko chembe ya uwele. Akaanza kulia: "Bibi, umeng'oka na mzizi!"

Haukung'oka na mzizi. Mzizi ulibaki chini ya ngozi, mzima kabisa. Kile kitone ni alama ya unywele uliomaliza muda wake, ukalala, kisha ukaanguka wenyewe. Kama msusi au dawa ya kulainisha ndiyo iliyouharibu, mara nyingi tungeukuta umekatika katikati, bila kitone.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000, na kila unywele una kalenda yake. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, karibu sentimita moja kwa mwezi. Halafu husimama, hupumzika kama miezi mitatu, huanguka, na katika kishimo kilekile cha ngozi ulimoota huchipua mwingine. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya binadamu. Ukisuka, hizo zilizoachia haziendi popote, zinabaki zimenaswa ndani ya mistari. Fumua baada ya wiki tatu na utakutana nazo zote kwa mpigo, zaidi ya elfu moja. Sehemu ya lile fungu lililomtisha mama ilikuwa hiyo tu.

Lakini za binti zilizidi. Ukizigawa, ngozi ilionekana wazi. Nikamwonyesha mbuyu ulio ng'ambo ya barabara. Mwezi wa saba mbuyu wetu husimama mtupu, maana ukame umeyaangusha majani yake yote kwa pamoja. Kichwa si kama mbuyu, nywele zake hupokezana: wakati huu zinaanguka chache, nyingine zinakua. Ila homa kali huja kama kiangazi. Mwili unapopigana na ugonjwa mkubwa, nywele nyingi huacha kukua na kuingia usingizini siku zilezile. Hazianguki hapo. Zinangoja miezi miwili, mitatu, ndipo zinapukutika kwa kundi. Nikamwambia binti ahesabu kwa vidole: Mei, Juni, Julai. Akanitazama, akasema, "Malaria!"

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanatafuta mkosaji wa jana, na jambo lilitokea miezi mitatu iliyopita. Hata mama aliyejifungua hupatwa na hali hiyohiyo, na mtu aliyefanyiwa upasuaji mkubwa, na aliyekosa chakula cha kutosha.

Hata hivyo sikumwambia mama akae tu. Malaria hula damu. Minyoo ya safura nayo, inayoingia kupitia nyayo zisizo na viatu, hunyonya damu kimyakimya. Wasichana walioanza hedhi hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na chuma kikipungua nywele nazo hupungua. Wakaenda zahanati, wakapima wingi wa damu, ikaonekana imepungua. Akapewa vidonge. Mimi nikaongeza la jikoni: ugali wa mtama kwa mlenda na dagaa, na juisi ya ubuyu pembeni, kwa kuwa uchachu wake husaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye mboga. Chai isubiri, kwani ikinywewa pamoja na chakula hukizuia kile chuma.

Wavulana msijione mmepona. Mapunye ni fangasi. Hupita kwenye mashine ya kinyozi isiyosafishwa, kofia ya kuazimana, taulo la pamoja. Doa huwa la mviringo, lina magamba, nywele zake zimekatikia chini. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, kwa sababu fangasi wameshuka hadi kwenye shina. Daktari hutoa vidonge vya wiki kadhaa. Mwenye mapunye si mchafu, na anayemcheka darasani anamkosea.

Jambo moja linaniuma, nalo ni kukaza. Mwaka 1907 daktari aitwaye Trebitsch aliandika habari za wanawake wa Greenland, nchi ya barafu, waliofunga nywele kwa kuzivuta mno hadi zikawatoka pembeni mwa uso. Kwetu ni rasta nzito na mistari inayokufanya ushindwe kulala. Vipele vikitokea kwenye paji la uso, zile malaika zikianza kutoweka, kishimo kinalia. Kikivutwa miaka mingi hugeuka kovu, na kovu halioti nywele.

Agosti mama alibeba bakuli la zabibu, akaenda kwa msusi kuomba radhi. Kufikia Desemba binti alikuwa na nywele mpya fupi kila mahali, zimesimama wima.

Basi, wajukuu, msusi akikaza hadi macho yakavutika, mwambieni hapohapo, "Dada, naomba ulegeze." Msione haya. Na kichwa kikiwasha, kikiuma au kikitoa mabaka, mwambieni mama au mwalimu siku hiyohiyo, mpelekwe zahanati.