Je, ni Kweli Ibn Majid Ndiye Aliyemvusha Mreno?

Ukienda Malindi ukasimama penye ile nguzo ya Vasco da Gama, hutakosa mtu wa kukueleza kwamba yule Mreno alivushwa bahari mpaka Bara Hindi na Mwarabu mmoja bingwa aitwaye Ahmad bin Majid. Wengine huongeza chumvi, wakasema kuwa Mreno alimlewesha kwanza, na ulevi ndio uliomfungua kinywa akatoa siri ya njia. Maneno haya nimeyasikia barazani, nimeyasoma vitabuni, na juzi kijana mmoja wa shule ameniletea daftari lake, nayo habari imo ndani, imeandikwa kama jambo lililokwisha hukumiwa.

Nikamwuliza, "Mwanangu, nani kasema?" Akacheka. Swali hilo halimo katika mtihani.

Basi ndugu msomaji, na tuulizane sisi, maana jambo hili si la historia peke yake. Ibn Majid alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Julfar, nchi ya Ras al-Khaimah, na anashitakiwa mambo mawili mazito, kunywa pombe na kuwaonyesha njia maadui wa watu wake. Katika sheria yetu mtu hapigwi hata kiboko kimoja kwa ulevi mpaka wasimame mashahidi wawili waadilifu, au mwenyewe akiri. Na Suratul Hujurat imetuamrisha kuichunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwayo. Sijaona mahali paliposemwa kuwa marehemu hana haki hiyo.

Shahidi wa ulevi ni mmoja tu. Ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, aliyeandika kitabu chake cha habari za Yemen na ushindi wa Waturuki katika miaka ya 1570. Yeye ndiye aliyemtaja Ibn Majid kwa jina, akasema kuwa mkubwa wa Wafaranji alisuhubiana naye, wakanywa pamoja, na katika kulewa kwake akamwelekeza njia. Hapana shaka Nahrawali alikuwa mtu wa elimu. Lakini tazama tarehe. Vasco da Gama alifika Malindi tarehe 14 Aprili 1498. Nahrawali alizaliwa mwaka 1511. Alikuwa hajaja duniani, na wala hatutajii ni nani aliyemsimulia, naye huyo alisikia kwa nani. Wanavyuoni wetu wa hadithi wangeipokea vipi khabari ya namna hiyo, mtu anayeruka miaka zaidi ya sabini bila ya mnyororo? Imam Bukhari alisafiri nchi kwa nchi kutafuta wapokezi. Tukiwa wakali katika hadithi, halafu barazani tukameza kila kitu, hapo pana walakini.

Tuwageukie Wareno wenyewe, waliokuwamo chomboni. Daftari la safari ile lililoandikwa na mmoja wao lipo mpaka leo, na linasema kuwa mfalme wa Malindi aliwaletea rubani "Mkristo." Msishangae. Wareno wale waliwakuta Mabaniani pale Malindi, wakawaonyesha picha ya Bibi Maryamu, nao wakaiinamia kwa desturi yao ya kuinamia sanamu. Wareno wakafurahi wakidhani wamepata ndugu wa dini. Baadaye, katika miaka ya 1550, Castanheda na Barros waliandika kuwa rubani alikuwa mtu wa Gujarat. Barros humwita Mwislamu na kumpa jina la Malemo Cana. Msomaji wa pwani atalitambua neno la kwanza bila ya kamusi. Ni maalim, bwana wa kuongoza chombo. Na hilo la pili wenye kujua lugha za Kihindi wanasema latokana na neno la mpiga falaki, mtu wa hesabu za nyota. Kwa hiyo Wareno hawakutuachia jina la mtu, wametuachia jina la kazi.

Wareno hawaafikiani juu ya dini ya mtu yule, hilo kweli. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema ni Mwarabu wa Julfar, wala aliyesema alilewa, wala aliyemtaja Ibn Majid.

Sasa hadithi imeunganikaje? Aliyeiunganisha ni mwanachuoni wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, mwaka 1922. Alimchukua maalim wa Barros, akachukua jina la Nahrawali, akavifunga pamoja kama kamba mbili. Kutoka hapo vitabu vikanakiliana, kimoja kwa kimoja, na kila aliyenakili akaonekana kama shahidi mpya. Vitabu ishirini vinavyotegemea kimoja ni ushahidi wa kimoja. Sheikh Sultan bin Muhammad al-Qasimi, mtawala wa Sharjah, ameandika kitabu kizima kumtetea Ibn Majid katika jambo hili.

Na Ibn Majid mwenyewe? Ameacha maandishi mengi ya bahari, kwa nathari na kwa mashairi, naye hakuwa mtu wa kuficha sifa zake. Hujisifu mpaka msomaji akatabasamu. Mnamo mwaka 1490 alikuwa amekwisha andika kitabu chake kikubwa cha uongozi wa vyombo. Mwaka 1957 Mrusi Shumovsky alichapisha maandishi yake mengine yaliyokuwa yamehifadhiwa Leningrad, na humo Wafaranji wametajwa. Wako wanaosema baadhi ya beti hizo zimepachikwa na mkono mwingine. Lakini hata zikiwa zake zote, hakuna mahali anaposema kuwa yeye ndiye aliyewavusha.

Liko jambo jingine ambalo nashangaa watu wa pwani tunalisahau. Siri ilikuwa ipi? Wareno waling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikianza, na baada ya siku ishirini na kitu wakaiona pwani ya Hindi. Njia ile ilikuwa ya kila mwaka, na majahazi ya Gujarat yalikuwapo pale pale bandarini. Kulikuwa na haja gani ya kumlewesha bingwa mzee, mwenye umri upatao miaka sitini, ili kupata kilichojulikana na kila mwongoza chombo gatini Malindi?

Thamani ya kujua msimu waliionja wakati wa kurudi. Waliondoka pwani ya Hindi mapema Oktoba 1498, kaskazi haijasimama, wakahangaika baharini karibu miezi mitatu, watu wakifa kwa ugonjwa wa kuvimba ufizi. Walipoingia tena Malindi tarehe 7 Januari 1499 mabaharia walikuwa wachache mno, na siku chache mbele, karibu na Mtangata upande wa Tanga, wakaichoma moto mojawapo ya merikebu zao, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha.